Lami Imekuja, Njia ya Watoto Iko Wapi?

Siku mtaa wetu wa Ng'ambo ulipomaliza kutiwa lami, wazee walitoka na majamvi wakakaa ukingoni kuitazama, na watoto wakavua viatu ili waionje kwa nyayo. Hakuna aliyewacheka. Mtu aliyeishi miaka arubaini akimeza vumbi wakati wa kiangazi na kuruka madimbwi wakati wa masika ana haki ya kuifurahia barabara. Tunakumbuka wajawazito waliopakiwa garini usiku kupelekwa hospitali, dereva akaenda mwendo wa kobe kwa kuyaogopa mashimo, huku mama mtu akisoma kila dua anayoijua. Katika miaka ya karibuni Serikali imetia lami barabara nyingi za ndani, Unguja na Pemba, na wananchi wameshukuru kwa ndimi zao na kwa nyoyo zao. Safu hii nayo inashukuru.

Walakini ipo kazi moja ambayo mashimo yalikuwa yakitufanyia bila ya sisi kujua, na hatukuitambua mpaka yalipofukiwa. Mbele ya duka la mkaa palikuwa na shimo moja pana kama sinia ya karamu, ambalo hakuna dereva aliyethubutu kulipita kwa haraka. Shimo hilo, bila ya filimbi wala sare nyeupe, ndilo lililokuwa askari wetu wa usalama barabarani. Lilisimama kazini usiku na mchana, halikuomba likizo, na halikumpendelea mkubwa wala mdogo. Lilipojazwa kifusi na kufunikwa lami, askari huyo alistaafu, na mpaka leo hajapatikana wa kushika nafasi yake.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, dakika chache kabla ya magharibi. Anayeijua Zanzibar anaijua saa hiyo. Kila aliye kazini, sokoni au shamba anataka adhana imkute kwake. Magari, vespa na baiskeli humiminika kutoka Darajani kuja Ng'ambo kama maji ya mvua mtaroni. Na saa hiyo hiyo ndiyo ambayo kila nyumba humtuma mtoto kwa jirani na sahani iliyofunikwa kawa: kalimati zinakwenda nyumba ya tatu, muhogo wa nazi unarudi, na bakuli ya uji inavuka njia kupelekewa bibi asiyeweza tena kusimama jikoni. Yaani katika nusu saa ile, wenye haraka kubwa kuliko wote na wenye miguu midogo kuliko wote wanakutana juu ya lami moja.

Mtoto wa kike wa miaka minane aliteremka barazani kwao akiwa ameishika sahani kwa mikono miwili, macho yake yote yakiwa kwenye sahani ili isimwagike. Vespa ilimpiga kabla hajafika katikati ya barabara. Mguu ulivunjika mahali pawili. Kalimati zilitapakaa mpaka ukingoni mwa mtaro, na adhana ilipolia hapana aliyekumbuka kufuturu. Mwandishi wa safu hii alikuwapo, amekaa baraza ya pili, na tende mkononi.

Gazeti lina mazoea ya kumaliza habari kama hii kwa maneno mawili: dereva mzembe. Nasi katika ukurasa huu tumeyaandika mara nyingi. Safari hii hayakuandikika, maana dereva tulikuwa tukimjua. Ni kijana wa mtaa huo huo, nyumba ya sita kutoka kwa mtoto. Ana leseni, hatumii kileo, anasali msikiti mmoja na baba wa mtoto aliyemgonga. Alikuwa akiwahi futari ya mama yake. Ndiye aliyembeba mtoto mikononi mpaka kwenye gari, na ndiye aliyekesha kwenye benchi la hospitali mpaka daku akikataa kurudi nyumbani. Ukimwita mzembe utakuwa umesema kweli, lakini hujaeleza kitu, kwa sababu saa hiyo mtaa mzima ulikuwa ukienda mwendo kama wake.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Chombo kinachokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva mzima, asiye na usingizi, huhitaji kiasi cha sekunde moja tangu macho yaone jambo mpaka breki ikandamizwe. Kwa hiyo mita 14 za mwanzo gari huendelea kwa kasi ile ile, kana kwamba dereva hajaona kitu. Ndipo breki zianze kushika, na juu ya lami kavu zitataka mita nyingine 14 hivi kabla gari halijasimama. Jumla ni mita 28. Gari hilo hilo likienda kilomita 30 kwa saa, husimama ndani ya mita 13 au zaidi kidogo.

Sasa mtoto ateremke barazani mita 14 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 30 anasimama mbele ya magoti ya mtoto, anafoka, kisha anamshukuru Mungu. Dereva wa kilomita 50 anamfikia mtoto huyo breki zikiwa hazijaanza kushika. Watu hao wawili wanaweza kuwa na moyo mmoja, macho mamoja na gari la aina moja. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtembea kwa miguu anayegongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 30 au chini ya hapo ana nafasi tisa katika kumi za kubaki hai, na kwamba mwendo ukifika 45 nafasi hiyo inakuwa chini ya nusu.

Na faida ya haraka hiyo ni nini? Mtaa wetu, tangu msikitini hadi barabara kuu, una urefu wa kiasi cha mita 600. Kwa kilomita 30 dereva huumaliza kwa sekunde 72. Kwa kilomita 50 huumaliza kwa sekunde 43. Amevuna sekunde 29. Muuza kahawa hajamaliza kumimina kikombe cha pili.

Watu watauliza: basi kwa nini tusiweke kibao cha kilomita 30 yakaisha? Kibao kiwekwe, lakini tusijidanganye. Barabara yenyewe ni msemaji, na sauti yake ni kubwa kuliko ya kibao. Barabara pana, iliyonyooka, laini, isiyo na kona, humwambia dereva: kimbia. Kibao kidogo chenye kutu kinamwambia: taratibu. Mguu wa dereva utaisikiliza barabara. Mji Mkongwe hauna tabu hii kwa kiasi kile tunachokiona Ng'ambo, na si kwa kuwa wakaazi wake ni wachamungu kuliko sisi. Vichochoro vyake havina nafasi ya kukimbilia: kuta zimekaribiana, kona zinakuja ghafla, na mwenye vespa hulazimika kupiga honi na kutambaa. Wajenzi wa zamani hawakuwa wakifikiria injini hata kidogo, na bado walijenga mji ambao injini inaadabika ndani yake.

Tena si mara ya kwanza kwa chombo cha kasi kupitishwa mbele ya milango yetu. Reli ya Bububu, iliyoanza mwaka 1905, ilipita katika mitaa ya mjini karibu sana na nyumba, na huduma yake ya abiria ikakoma katika miaka ya 1920. Treni ile ilikuwa na moshi na cheche, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo vespa haina: kila mtoto aliijua njia yake kwa dhati, maana ilikuwa ya chuma na haikuhama.

Nyumba za Ng'ambo zilijengwa na baraza zinazotazama njia ya miguu. Nafasi iliyopo kati ya baraza mbili zinazotazamana haikuwa barabara. Ilikuwa ukumbi wa mtaa. Hapo bao lilichezwa, ukili ulisukwa, posa ilijadiliwa, na jeneza lilipotoka ndani watu walijipanga hapo. Tulipotia lami tulitia katika ukumbi. Hilo si kosa. Kosa ni kuupima ukumbi kwa kipimo cha barabara kuu, tukaupa upana wote gari, na watu tukawaachia kingo ya mtaro.

Usiku wa pili baada ya ajali, vijana walileta mawe na mifuko miwili ya saruji wakajenga matuta matatu. Tunawaelewa, wala hatuwasifu. Matuta yale yalikuwa makali kama kizingiti, hayakupakwa rangi, na hapakuwa na taa karibu. Haikupita wiki mbili, muuza mikate anayepita na baiskeli alfajiri akaanguka juu ya tuta la kati akateguka bega. Mvua iliponyesha, maji yaliyozoea kukimbilia mtaroni yalizuiwa na tuta la tatu yakaingia katika nyumba mbili. Wahusika walikuja wakayavunja yote, na walikuwa na haki. Ila walipoyavunja waliondoka. Tulibaki na lami safi kama siku ya kwanza.

Tuta ni kazi ya fundi mwenye kipimo. Watafiti wa barabara wa Uingereza walilichunguza jambo hili katika miaka ya 1970, na umbo walilolipata linajulikana na kutumika mpaka leo: mgongo wa mviringo unaochukua kiasi cha mita 3.7 kwa kufuata mwendo wa gari, na kimo chake ni sentimita 10 tu. Gari la taratibu hulipanda na kulishuka bila ya abiria kusumbuka. Gari la kasi hutupwa, na dereva hutukanwa na abiria wake mwenyewe. Tuta moja peke yake halina maana, kwa sababu dereva hulala hapo akaamka mbele yake kwa hasira. Lazima yafuatane, yapakwe rangi inayoonekana usiku, yatanguliwe na alama, na yaachiwe nafasi kando ili maji ya masika yapite. Mhandisi yeyote wa barabara analijua hili. Hatuombi elimu kutoka nje. Tunaomba elimu iliyomo maofisini iteremke mtaani.

Na pale ambapo watoto huvuka kila siku, mbele ya skuli, chuoni na msikitini, pawekwe tuta la bapa: kivuko kilichoinuliwa, chenye uso mpana, kilicho sawa na njia ya pembeni. Mtu akivuka hapo hateremki kwenye uwanja wa magari; gari ndilo linalopanda kwenye uwanja wa watu. Tofauti hiyo ya sentimita 10 huisikia kila dereva tumboni mwake. Michirizi myeupe iliyochorwa juu ya lami tambarare, tuseme kweli, wengi huipita kama wanavyoipita picha ya ukutani. Saa ya mchana, katika skuli zenye mikondo miwili, mkondo wa asubuhi unatoka na wa mchana unaingia kwa wakati mmoja, na kivuko cha rangi peke yake hakitoshi.

Kuna suala la pembeni. Baina ya lami na vizingiti vya nyumba zetu pana hatua mbili, na katika hatua hizo mbili pana mtaro. Mtaro ukifunikwa kwa vifuniko vya zege vilivyokaa sawasawa, tayari tumepata njia ya miguu bila ya kuvunja nyumba ya mtu. Vifuniko vipo katika baadhi ya sehemu, lakini vingine vimevunjika na vingine vimepotea, na mama aliyebeba mtoto na kapu hawezi kuruka pengo. Anateremka kwenye lami.

Hapa na sisi wananchi tusijifiche nyuma ya Serikali. Ni nani aliyeegesha gari lake juu ya vifuniko hivyo, kwa kuwa kivuli cha ukuta kiko hapo? Ni nani aliyepanga ndoo, majiko na vitanda vya biashara mpaka mpita njia akatoka barabarani? Na ni baba yupi katika mitaa ya Jang'ombe, Magomeni au Mpendae asiyemjua kijana wa miaka 14 anayeazimwa vespa ya nyumbani akanunue sukari? Sheha hawezi kulala mlangoni kwa kila mtu. Kadhalika tuwafundishe watoto jambo jepesi: kwetu magari hushika mkono wa kushoto, basi mwenye kutembea pasipo na njia ya miguu ashike mkono wa kulia, ayaone yanayomjia usoni. Na mama zetu wanaotoka darsani baada ya isha wakiwa na buibui jeusi hawaonekani na dereva mpaka wamekaribia mno. Hapana atakayewaambia wabadilishe vazi lao. Taa ndiyo iwekwe, na iwekwe pale panapovukwa, si pale ambapo nguzo ilikuwapo tangu zamani.

Turudi kwenye barua. Baada ya Ramadhani wazee walimfuata sheha, na sheha akaandika. Barua ilikwenda ofisi moja, nayo ikaipeleka ofisi ya pili. Ofisi ya pili ikajibu kwamba barabara ni ya ofisi ya kwanza. Hatimaye afisa mmoja, mtu wa adabu aliyewapa wazee viti na chai, alieleza kwamba fedha ni kidogo, hivyo hutangulizwa mahali penye vifo vingi, na mtaa wetu haumo katika orodha.

Tuliposikia jibu hilo tulinyamaza kwa muda. Afisa hakusema uongo, na fedha kweli ni kidogo. Lakini tulifikirie neno lenyewe. Mtaa wenye mtoto mmoja aliyevunjika mguu haujatimiza sharti. Unatakiwa ulete maiti, na si mmoja, ndipo upewe tuta. Katika kipindupindu hatufanyi hivyo. Kikionekana kisima kichafu tunakifunga kabla ya kuhesabu makaburi. Kwa nini barabara iwe na sheria nyingine? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walifariki kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Mawaziri waliokutana Stockholm mwezi wa Februari 2020 walikubaliana kwamba pale ambapo watu na magari huchanganyika kila mara, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, isipokuwa penye ushahidi madhubuti kuwa kasi zaidi ni salama.

Wala hatuna haja ya kwenda Stockholm. Dar es Salaam, safari ya boti ya saa mbili kutoka bandari ya Malindi, shirika liitwalo Amend limefanya kazi mbele ya skuli za msingi zilizo katika khatari. Halikujenga madaraja ya angani. Lilitia matuta, vivuko, alama na njia za pembeni, na pengine likahamisha lango la skuli tu, ili watoto wasitokee moja kwa moja kwenye magari. Walipopima kabla na baada, wakilinganisha na skuli ambazo hazijafanyiwa kitu, watoto waliojeruhiwa walikuwa wamepungua. Mwaka 2019 kazi hiyo, iliyofanywa katika miji kadhaa ya Afrika, ilipewa tuzo ya Ross kwa ajili ya miji inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Maafisa wetu wanaovuka kwenda Dar es Salaam kwa vikao wanaweza kuiona kwa macho yao kati ya kikao na chakula cha mchana.

Tumesikia pia malalamiko ya wenye daladala, kwamba matuta yanaua springi, na ya wauguzi, kwamba gari la wagonjwa litacheleweshwa. La kwanza tutalijibu kwa ufupi: tuta lenye kipimo haliui springi ya anayekwenda taratibu. La pili ni la haki zaidi. Ndiyo maana hatuombi matuta katika barabara kuu, yanakopita magari ya wagonjwa na ya zimamoto. Tunayaomba katika barabara za ndani, ambako gari la wagonjwa huingia mita mia chache za mwisho tu.

Tunayoyataka kwa wahusika hayazidi mambo ambayo kamati ya mtaa na mhandisi mmoja wanaweza kuyaandika asubuhi moja wakitembea kwa miguu. Waje saa saba mchana, skuli zinapopishana, na waje tena saa kumi na moja unusu jioni. Wasije na gari. Wahesabu wanaovuka, wapime mwendo, waone vifuniko vya mtaro vilivyopotea. Na kila barabara ya ndani itakayotiwa lami kuanzia sasa, tuta na kivuko viwemo katika mkataba tangu mwanzo kama vilivyomo kokoto na lami, kwa sababu kuvirudia baadaye ni bajeti mpya, barua mpya na sheha mpya.

Mtoto wa kalimati ametolewa plasta na amerudi skuli. Mguu umeunga vizuri, isipokuwa huchoka jioni. Barabarani hapiti tena. Mama yake amemkataza. Huzunguka nyuma ya nyumba, kwa uchochoro wa kisima cha zamani, ambako hapana lami, pana matope wakati wa mvua, na njia ni ndefu mara mbili.